Makofi Yaliyoandikwa

Radio ya kikundi chetu ilikuwa na mfuko wake wa kitenge, ulioshonwa na katibu mwenyewe, maana alikuwa fundi cherehani. Kila Jumatano alasiri alikuja nayo kifuani kama amebeba mtoto aliyelala, akaiweka juu ya meza ya mwalimu wa darasa la kwanza, akafungua mfuko polepole, akavuta antena. Sisi tulikuwa tumeshabanana kwenye madawati ya watoto, watu kama ishirini, wengi wametoka shambani moja kwa moja na udongo mwekundu bado uko miguuni.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Kibondo, kando ya barabara ya kwenda Kasulu. Radio hatukuinunua. Ofisi ya elimu ya watu wazima ilituazima ili tusikilize masomo ya afya. Somo likiisha, mwenyekiti aliizima, kwa sababu betri zilikuwa chache na zikichoka tulizianika juani kama muhogo. Halafu tulijadiliana: tumesikia nini, na hapa kwetu tutafanya nini. Katibu aliandika. Kila mwisho wa mwezi alipeleka taarifa Kibondo kwenye fomu yenye safu mbili. Safu ya kwanza ilikuwa ya waliohudhuria, ya pili ya waliochangia mawazo.

Mimi nilikuwa wa safu ya kwanza tu. Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, nimemaliza darasa la saba, na kwa miezi mitano sikuwa nimesema neno hata moja katika kikundi. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nikienda kisimani nilijibu maswali yote ya Jumatano, peke yangu, nikiwa na ndoo kichwani. Lakini darasani ilikuwa vingine. Nyumbani tulisema Kiha, Kiswahili changu kilikuwa cha shule, na kabla ya kusema nilitaka kwanza kuipanga sentensi yote kichwani. Nikimaliza kuipanga, watu wameshahamia kwenye vyoo na mimi bado niko kwenye maji ya kunywa.

Nilichofanya ni kupiga makofi. Kwetu kijana akimsalimia mkubwa huinama kidogo na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa ili sauti iwe nzito. Na mtu akisema jambo likakuingia, unapiga vilevile, mara mbili, bila kelele. Maana yake ni kwamba nimelipokea. Nilipiga makofi mengi, kwa sababu mambo mengi yaliniingia.

Kwenye dawati langu nilikaa upande wa kulia wa bibi mmoja jirani yetu, ambaye alizungumza na mtangazaji kana kwamba amekaa mbele yake. Mtangazaji akisema tuchemshe maji, bibi alimjibu kwamba kuni atamletea nani. Mtangazaji akisema mtoto apewe mayai, bibi alimwuliza kama ameona kuku wake wanavyotaga. Katibu alimwomba mara nyingi anyamaze mpaka somo liishe. Bibi alimwambia ni vibaya kumwacha mtu aseme peke yake. Kisha alinigeukia mimi na kusema kwamba mimi ndiye nitakayezikwa na maneno yote tumboni, na wachimba kaburi watashangaa uzito. Nilicheka kwa kuficha mdomo.

Kweli waliokuwa wakisema walikuwa wanne au watano, walewale kila wiki. Ndipo ikaja barua kutoka Kibondo. Katibu alitusomea akiwa amesimama. Ilisema kikundi chetu kina wasikilizaji wengi na wachangiaji wachache, na kama hali haitabadilika ndani ya mwezi mmoja, radio itahamishiwa kijiji kingine kinachoisubiri. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mpole mwenye shamba kubwa la maharage, aliitazama radio ndani ya mfuko wake wa kitenge.

Mwenyekiti ndiye aliyepata njia. Alimwuliza katibu kwa nini haandiki makofi.

"Mama mwenyekiti, fomu haina makofi," katibu alisema.

"Ndugu katibu, wewe ni mtu wa Ujiji. Ninyi mna maneno mengi, hamna haja ya mikono. Kwetu makofi ni maneno. Andika."

Katibu alibisha kidogo kwa heshima, akasema huko Ujiji mikono ni ya kulia wali. Lakini alikuwa akiipenda ile radio kuliko sisi wote, na mwezi ule akaandika. Kila aliyepiga makofi aliwekewa alama katika safu ya pili, mstari mmoja mdogo wa kalamu. Mimi sikujua. Niliendelea kupiga kama kawaida.

Mwisho wa mwezi uliofuata ikaja barua nyingine. Hii ilitupongeza. Ilisema kutakuwa na mkutano wa vikundi vya Kibondo na Kasulu katika ukumbi wa chuo cha ualimu Kasulu, na kila kikundi kimlete mchangiaji wake aliyeongoza, aje awaeleze wenzake jinsi wanavyojadiliana. Kwa upande wetu, kwa mujibu wa taarifa, mchangiaji aliyeongoza kwa mbali alikuwa... Katibu alifika hapo sauti ikapungua. Alilisoma jina langu kama mtu anayekiri kosa.

Bibi alicheka mpaka akalala juu ya dawati. Wengine walimfuata. Katibu hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba nisipokwenda watauliza kwa nini, na wakijua ni makofi, radio itachukuliwa na yeye ataonekana ameidanganya serikali.

Jumatano iliyofuata sikwenda. Nilichukua jembe nikaenda kwenye shamba letu la mbali, nikapalilia mihogo ambayo haikuwa na magugu. Jua lilipoanza kuelekea saa ya somo, nilisimama. Nilijaribu kukisia somo la siku ile ni lipi, na bibi amemjibu nini mtangazaji. Sikuweza kukisia, na hilo liliniuma zaidi ya ile barua. Nikajiona nikikaa hivyo Jumatano zote zilizobaki, radio ikiwa kijiji kingine, ikisikilizwa na watu nisiowajua.

Jioni ile bibi alipita nyumbani na kikapu chake. Hakunibembeleza wala hakunisema. Alisimama uani, akasalimia, akapigiwa makofi, akaitikia. Kisha akasema, "Mtangazaji amekuulizia leo."

"Amesemaje?"

"Amesema upande wa kulia wa bibi kuna baridi."

Nikamwambia katibu nitakwenda.

Tulisafiri watatu, mwenyekiti, katibu na mimi, juu ya lori lililopakia magunia ya maharage. Asubuhi ya milima ile ina baridi ya kuuma meno. Katibu alikuwa ameniandikia hotuba kwenye karatasi mbili, kwa mwandiko wake mzuri, na njia nzima alinisomesha. Yalikuwa maneno mazuri sana. Kulikuwa na "hatimaye" na "kwa hiyo basi" na "sisi wananchi". Nilipoyasema yalikuwa kama nimevaa koti la mtu mwingine, mikono inaning'inia.

Ukumbini palikuwa na watu wengi kuliko niliowahi kuwaona chini ya paa moja. Wachangiaji waliitwa mbele mmoja mmoja. Walisema vizuri, wakapigiwa makofi yale ya mikutano, ya haraka haraka. Nilipoitwa, nilisimama mbele, nikalitazama lile "hatimaye" la kwanza kwenye karatasi, nikaona ni lilelile koti la mtu mwingine. Nikazikunja. Nikaziweka mezani. Na kwa kuwa mikono ilikuwa mitupu na mbele yangu wamekaa wakubwa, nikafanya jambo pekee lililokuja: niliinama, nikapiga makofi ya kwetu, taratibu, nikawasalimia kwa Kiha, "Mwakeye."

Ukumbi wote ukanijibu. Waha tulikuwa wengi mle ndani. Viganja vilivyokunjwa vilitoa ile sauti nzito, na "Mwakeye" ikarudi kutoka madawati ya nyuma, kwa wazee waliokuwa wakisinzia.

Nikasema kwa Kiswahili, "Mimi si mchangiaji. Mimi ni msikilizaji. Nilipiga makofi, na katibu wetu akayaandika."

Nilimwona katibu akifumba macho. Watu walicheka, halafu wakamgeukia afisa aliyekuwa akiongoza mkutano, mzee mwenye miwani aliyeshika fomu za vikundi vyote. Alipekua mpaka akaipata yetu. Alipitisha kidole juu ya mistari ya kalamu.

"Alama zote hizi ni makofi?"

"Ndiyo, ndugu."

"Uliyapigia nini?"

Hili swali sikuwa nimelipanga kichwani, na labda ndiyo maana nililiweza. Nilimwambia la kwanza lilikuwa la baba mmoja ambaye choo chake kilibomoka mara tatu wakati wa mvua, kwa sababu udongo wetu ukilowa hauna nguvu, na mara ya nne akazungushia mianzi ndani ya shimo kama anavyosuka kihenge cha mahindi. Hapo nilipiga. Nikamwambia juu ya mama aliyetoka upande wa Mabamba, aliyesema kwamba mwanawe mdogo hakutaka chakula chochote, akaanza kumpa mchuzi wa maharage bila maharage, kijiko kimoja kimoja, mpaka mtoto mwenyewe akayadai maharage. Nikamwambia juu ya bibi. Bibi alikataa kuchemsha maji kwa wiki nne kwa sababu yananuka moshi. Wiki ya tano akatuambia, kama mtu anayelalamika, kwamba ameyachemsha jioni, akayamimina kwenye mtungi wa zamani, akafunika kwa jani la mgomba, na asubuhi hayakunuka kitu, sasa yule mtangazaji atajivuna. Hapo nilipiga mara nne.

Nilisema polepole. Nilisimama kutafuta maneno, nikayapata, nikaendelea. Nilikuwa nikingoja wahamie kwenye jambo lingine, kama kawaida, lakini hakuna aliyehama. Mtu wa Kasulu aliniuliza ile mianzi hukatwa urefu gani. Nilimjibu, maana lile nalo nilikuwa nimelisikia.

Afisa aliweka fomu yetu chini. Alisema radio itabaki kwetu mpaka masomo yaishe. Lakini alimgeukia katibu na kumwambia makofi matupu yasiandikwe tena. Anayepiga makofi aulizwe ameyapigia nini, na jibu ndilo liandikwe. Katibu alisimama, akasema ndiyo ndugu, akakaa. Njiani kurudi hakunisemesha mpaka tulipovuka daraja la kwanza. Kisha akatoa mfukoni zile karatasi mbili alizokuwa amezichukua mezani, akaniuliza kama kweli "kwa hiyo basi" ilikuwa mbaya. Mwenyekiti alicheka mpaka dereva akagonga bati kuuliza kuna nini.

Jumatano iliyofuata nilikaa upande wangu wa kulia wa bibi. Somo lilikuwa la nzi na chakula. Radio ilipozimwa, bibi alisimama, akasema tangu aanze kufunika mboga kwa ungo nzi wamehamia kwa majirani, na sasa majirani wanamlaumu yeye. Akasema pia ungo usiooshwa ni nyumba ya nzi wenyewe. Nilipiga makofi.

Kalamu ya katibu ikainuka. Watu wote wakanigeukia.

"Umeyapigia nini, mwanangu?" mwenyekiti alisema.

Sentensi haikuwa tayari. Nilianza nayo hivyo hivyo. Nikasema nimeyapigia maneno ya bibi, kwamba chakula kifunikwe kwa ungo.

"Na la kuosha ungo?" bibi aliuliza. "Hilo umelitupa wapi?"

Nikasema na la kuosha ungo. Katibu aliweka mstari mmoja mbele ya jina langu, akaandika maneno pembeni yake, kisha akaisogeza kalamu tayari kwa mwingine. Kwenye dawati la mbele mtu alikuwa ameshaanza kupiga makofi.