Upepo Mwingi Katika Tairi za Baba

Mpaka leo siwezi kuipita baiskeli iliyoegemezwa ukutani bila kuibonyeza tairi. Nafanya hivyo mbele ya maduka, nje ya makanisa, hata kwenye matanga, na nimewahi kukaripiwa kama mwizi. Natumia kidole gumba, kama baba alivyokuwa akifanya. Nikiikuta ni ngumu mno na jua limeshapanda, nafungua valvu kidogo nitoe upepo. Mwenye baiskeli akinifumania, namwomba radhi. Wengi hunitukana, na wana haki.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa kijana wa boda boda mjini Migori, wakati boda boda bado ilikuwa baiskeli na injini ilikuwa mapaja yako mwenyewe. Nilibeba abiria kutoka stendi mpaka sokoni, wamekalia mto wa sponji juu ya karia. Nilikuwa hodari wa kazi ile. Ubaya wa kuwa hodari ukiwa na miaka ishirini ni kwamba unajua, na ukishajua huambiliki.

Pale stendini tulikuwa na desturi yetu. Kila asubuhi kabla ya kazi, mmoja wetu alipita kwenye mstari wa baiskeli akizipiga tairi kwa ukucha. Tairi iliyojaa sawasawa ililia. Iliyonyamaza, mwenyewe alichekwa kutwa nzima: "Omera, ndugu yangu, leo umevaa chapati?" Kwa hiyo tulizijaza upepo mpaka zikawa mawe. Kwenye lami, na mama mnene nyuma yako aliyepakata debe la mahindi, kufanya hivyo kulikuwa akili. Kosa langu ni kudhani kwamba ilikuwa akili kila mahali.

Kwetu ni upande wa ziwa, kando ya njia ya vumbi itokayo Sindo kwenda Homa Bay, nchi ya mawe makali na miiba mirefu. Baba alilima mtama na kufuga mbuzi, na alikuwa hapandi gari. Gari lilimchafua tumbo; hata kiti cha mbele, hata dirisha wazi, angetapika kabla ya kona ya pili. Hivyo kila alikokwenda alikwenda kwa baiskeli yake nyeusi, yenye tairi nene, nyeusi tii, zilizochakaa lakini hazijawahi kumwaibisha. Siri zake zilikuwa mbili. Ndani ya kila tairi alikuwa ametandika tyubu kuukuu aliyoipasua kwa urefu, ili mwiba ukipenya tairi ukutane na mpira mwingine kabla ya kufika kwenye tyubu yenyewe. Na upepo hakujaza mpaka mwisho. Alijaza, akabonyeza kwa kidole gumba, akapunguza, akabonyeza tena, mpaka tairi ikakubali kidogo, kama ugali ulioanza kupoa.

"Tairi ngumu inabishana na kila jiwe," alizoea kusema. "Hii yangu inayasalimia tu."

Mwaka ule mama alikuwa amefariki, na dada yangu mdogo, kitinda mimba wetu, alikuwa ameingia kidato cha kwanza katika shule ndogo ya bweni mbele ya Asumbi. Alikwenda shule akiwa bado amenyolewa nywele za msiba. Barua yake ya kwanza ilikuwa na jambo moja tu: Jumapili ya wazazi imefika, wageni wanaingia saa sita na kutoka saa kumi, je, baba atakuja? Baba alinitumia ujumbe Migori kwamba atakwenda, na kwamba angependa tairi mpya kwa safari ile. Ndiyo mara ya kwanza kuniomba kitu. Nilifurahi kupita kiasi.

Nikaenda kwa mzee mmoja aliyeuza vipuri mjini, Mwislamu aliyetoka pwani zamani, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha walimu wetu. Nikamwonyesha tairi nilizozitamani: nyembamba kidogo, nyepesi, ubavu wa rangi ya asali. Aliyekuwa na tairi za aina hiyo pale Migori alitazamwa na wasichana.

"Ni za kwendea wapi, kijana wangu?" akaniuliza.

"Ni za baba. Upande wa Homa Bay."

"Lami au changarawe?"

"Changarawe. Na miiba."

Akazirudisha kwenye msumari, akanishushia jozi nyingine, nyeusi, nzito, mbaya kwa sura. Akanishika mkono na kunibonyezesha ubavu wake. "Hapa nyuzi zimepandana tabaka kwa tabaka. Zile ulizozipenda ubavu wake ni karatasi. Tairi si shati, mwanangu, usichague rangi. Na akishazivalisha, mwambie asizishindilie upepo, jua la huko ni kali."

"Mzee, mimi ndio naendesha hizi vitu kila siku," nikamjibu. "Baba yangu lazima aonekane smati."

Alinitazama kidogo, akazifunga zile za rangi ya asali kwa kamba, akanitakia safari njema. Hakubishana. Ningependa angebishana.

Jumamosi nilifika nyumbani, nikageuza baiskeli ya baba miguu juu na kuanza kazi, nikipiga mluzi. Nilipotoa zile tyubu kuukuu za ndani nilicheka. "Baba, hizi blanketi ni za nini?" Nikazirusha kwenye zizi la mbuzi. Baba alifuata kwa macho mahali zilipoangukia. Nikavalisha tairi mpya, nikapampu mpaka mshipa wa shingo ukanisimama, nikapiga kwa ukucha. Ikalia. Nikamwita jirani aje asikie.

Baba akaja, akaweka kidole gumba. Hakikuingia hata kidogo. Akainama, mkono wake ukaenda kwenye valvu.

"Baba, usiniaibishe," nikasema. "Hivi ndivyo zinavyowekwa siku hizi. Niahidi hutagusa huo upepo mpaka urudi."

Akaondoa mkono. Alikuwa mtu wa adabu zake. Kitu alichopewa hakukirekebisha mbele ya aliyempa. "Sawa, wuoda," akasema, yaani mwanangu. "Sitaugusa." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la mkuu mwenyewe.

Usiku shangazi alikaanga samaki wanne, ngege wazuri kutoka Sindo, kwa kuwa dada aliwapenda mno. Niliwafunga mimi kwenye gazeti na kamba ya katani, mafundo mawili, nikawapachika kwenye karia pamoja na sabuni na daftari. Alfajiri baba akaondoka amevaa koti la harusi yake. Tairi zilikuwa zinang'aa. Nilisimama barabarani nikimtazama mpaka akapotea, na nakumbuka nilijivunia tairi kuliko nilivyomuonea fahari yeye.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, vipande vipande, baba akiwachekesha majirani wakati dada yuko shuleni. Kwa kuwa alifika Asumbi mapema, aliingia Misa, baiskeli akaiegemeza ukutani. Ukuta ulikuwa na kivuli alipoingia. Mahubiri yalikuwa marefu, jua likazunguka. Katikati ya mahubiri pakasikika mlio nje, pa! na waumini wa benchi za nyuma wakajitupa chini. Baba peke yake alijua, na hakutoka mpaka baraka ya mwisho. Tairi ya nyuma ilikuwa imechanika ubavuni urefu wa kiganja. Fundi alikuwa amefunga duka, akangojwa, akaja, akashonea kipande cha tairi kuukuu ndani. Kilishika kidogo tu, ikalipuka tena. Tyubu nayo ikawa matambara. Baba akaanza kusukuma baiskeli juu ya rimu tupu.

Wakati wote huo, kule shuleni, mtoto aliyenyolewa alikuwa amekaa karibu na geti.

Jumatatu asubuhi nilimwona baba akija njiani, anasukuma. Alikuwa amelala kwa ndugu yetu Homa Bay mjini. Koti lilikuwa jekundu kwa vumbi, na kiatu kimoja kimeachama. Nilimkimbilia.

"Mos, baba," nikasema. Pole.

"Tairi zako nzuri," akajibu. "Ila hazipendi jua."

"Ulifika?"

"Nilifika."

Alisema nilifika. Hakusema nilimwona. Nilisikia tofauti hiyo palepale, na nikaipita. Kwenye karia samaki walikuwepo, pamoja na sabuni na daftari. Macho yangu yaliwaona, akili ikafanya haraka kutafuta mahali pengine pa kutazama. Baba akafungua kile kifurushi jikoni, akanisogezea. "Kula, wuoda, una safari ya Migori." Nikala. Nilikula samaki wa dada yangu, tena na kichwa, kisha nikarudi Migori kwa gari la mchana.

Ilikuwa kazi ya dakika mbili kuandika barua: dada, baba alichelewa kwa sababu ya tairi nilizomwekea mimi. Sikuandika. Mimi nilikuwa fundi wa kusikiliza tairi kwa ukucha. Pale stendini watu waliniuliza ushauri. Nilijiambia baba atamweleza mwenyewe. Nilikuwa namjua baba, na nilijua hatamweleza kitu ambacho kingenitia aibu. Nikakaa juu ya wema wake kama abiria juu ya sponji.

Dada alibadilika kwa baba tangu muhula ule. Alimsalimia vizuri, akamchotea maji, akamjibu kwa heshima zote, na ndani ya heshima zile hamkuwa na mtu. Likizo alipenda kukaa kwa shangazi. Jumapili nyingine za wazazi aliandika kwamba baba asijisumbue, njia ni ndefu. Baba alimwomba mtu amsomee barua hizo mara mbili, halafu akazikunja na kuziweka mfukoni. Alikuwa amerudisha tairi zake nyeusi na blanketi zake kutoka zizini, upepo wa kidole gumba, tayari kwa safari ambayo hakuitwa tena.

Alifariki kabla miaka ya tisini haijaisha, kwa ugonjwa wa kifua. Baada ya mazishi, wageni walipopungua, dada aliniomba nimsaidie kuwaingiza mbuzi. Mlango wa zizi ulikuwa umefungwa kwa bawaba za mpira, vipande viwili vya tairi vilivyopigiliwa misumari. Jua lilikuwa limevipausha, lakini rangi ya asali ilikuwa bado inaonekana.

"Hii tairi nzuri hivi ilitoka wapi?" akauliza.

Sijui kwa nini ulimi ulifunguka siku ile. Nikamwambia yote: mzee wa vipuri, blanketi nilizozirusha, ahadi niliyomtoza baba, mlio kanisani. Dada alikuwa ameshika mlango. Alipoanza kusema alisema taratibu.

"Soja wa geti alikuja bwenini kuniita. Saa za wageni zilikuwa zimeisha, lakini mwalimu alikuwa amemhurumia baba, ametupa dakika kumi. Nilikuwa nimengoja tangu saa sita. Wasichana walikuwa wamenicheka, wengine wakanigawia chapati zao kwa huruma. Nikamwambia yule soja, mwambie nimelala."

Nikamwachilia mbuzi niliyekuwa nimemshika.

"Nilimwona kupitia dirishani," akaendelea. "Alikuwa ameinamia gurudumu, analishikashika. Nikasema, tazama, hata hapa anashughulikia baiskeli yake. Nilidhani alipitia kwa watu kunywa. Miaka yote hii, owadwa, kaka yangu, nimedhani alikunywa." Akakaa chini pale pale kwenye mavi ya mbuzi na nguo yake ya matanga. "Neno moja tu. Ungeniambia ni pancha, ningemwomba msamaha akiwa hai."

Mbuzi walitupita wakaingia wenyewe. Nilitamani anipige. Akainua uso.

"Wewe ulijua kwamba hakuniona siku ile?"

Nikamwambia sikujua.

Jumatatu ile samaki walirudi wanne, ndani ya gazeti, na mafundo yangu mawili yalikuwa hayajafunguliwa.