Ndoo Yenye Kifuniko

Kwetu Tana, mto ukitishia kufurika, kinachookolewa kwanza ni mbegu. Mama huzitia kwenye ndoo, akaifunika na kuipandisha darini. Haifunguliwi mpaka maji yatoke shambani. Anayeifungua mapema, husemwa, anayaita maji yarudi.

Mimi kazi yangu Nairobi ni kuchora vile vijipicha vya kwenye simu: bahasha, kikapu cha dukani, pipa la taka. Tunaambiana kwamba mtu huelewa upesi akiona kitu cha nyumbani. Nyumbani kwa nani, hatuulizani.

Baba alipofariki alimwachia mama sauti moja kwenye simu, aliyomtumia siku moja akiwa shambani: "Mama watoto, maji yametoka. Lete mbegu." Mama aliisikiliza kila jioni kabla ya kusali.

Mwaka huu mto ulipojaa, watu walihamia sehemu ya juu, karibu na barabara ya Garsen. Mama aliogopa sauti ile isije ikaenda na maji. Maandishi ya simu yake ni ya Kiingereza, hayamhusu. Aliona picha ya ndoo yenye kifuniko, akaitia humo sauti ya mumewe. Kisha akangoja, maana ndoo haifunguliwi ovyo.

Nilifika baada ya wiki kadhaa, maji yameshashuka. Alinipa simu ikiwa imefungwa kwenye leso, akaniomba nimfungulie. Ndani hamkuwa na kitu. Simu huvumilia kwa muda, halafu hufuta kilichotiwa humo. Nilishikwa na hasira, na hapakuwa na wa kumgombeza. Nikamweleza mama kwamba ile ni picha ya pipa la taka.

Aliitazama sana.

"Taka hufunikwa, mwanangu?"

Kwetu taka humwagwa jaani, kuku wakachakura. Mama hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje nikalia.

Asubuhi tulishuka shambani na ndoo ya mbegu. Tope lilikuwa laini, jembe lingeingia bila taabu, na majirani walikuwa wameshaanza kupanda. Mama aliitua ndoo, akakaa kando yake, mkono juu ya kifuniko. Jua likapanda. Nilimwambia tuanze, hakuinuka. Mwishowe nikaelewa kwamba hajaambiwa.

Nikaenda mpaka katikati ya shamba, nikamgeukia.

"Mama watoto," nikasema, "maji yametoka. Lete mbegu."

Akafunua ndoo.