Ndoo Ndani ya Blanketi

Taarifa ya kifo cha kaka iliponifikia kutoka hospitali alikokimbizwa saa chache kabla, ndoo yake ya bia ilikuwa bado ina joto ndani ya blanketi lake. Zamani alipika bia kwa shira ya kimea ya kopo. Bei ilipopanda, akanunua kimea cha shayiri chenyewe, akashona pazia kuukuu kuwa mfuko wa kukilowekea katika ndoo ya maji moto, aliyoizungushia blanketi isipoe. Aliipapasa ndoo kama paji la mtoto mwenye homa. “Onja, dada mlokole! Haijachacha, bado si dhambi.” Kila mara nilikataa, naye alicheka. Siku ile nilifunua, nikanywa kikombe. Ilikuwa tamu kweli. Kesho yake tulisali, tukamshusha kaburini. Kulikuwa na baridi, nami nilijifunika blanketi lile.