Ndama Watano wa Shemeji

Ukiuliza watu wa hapa Malaba ni nini kilichonimaliza, watakuambia ni trela. Si kweli. Trela ilivunja mguu tu. Walionimaliza ni watu wawili: shemeji yangu wa upande wa Kocholia, na dada yake, ambaye ni mke wangu. Majina siandiki, na si kwa kuwaogopa. Watoto wangu wamepewa majina ya ukoo ule, na sitaki kumchafua mtoto kwa makosa ya mjomba.

Nilikuwa utingo miaka kumi na saba. Siku ile tulikuwa kwenye foleni ya malori ya kuvuka kwenda Uganda, mimi niko nyuma naangalia tairi, breki ikaachilia. Daktari akaweka chuma kwa goti. Tangu hapo goti halikunjiki. Siwezi kuinama, siwezi kuchuchumaa, hata kiatu cha mguu huo navalishwa. Bima ilipolipa, kaka yangu mkubwa, mwenye duka hapa mjini, alikuja akaketi kwa kiti changu akasema, "Hiyo pesa weka mabati. Chakula nitakuwa nakuletea. Wewe kaa tu."

Kaa tu! Mtu mzima, baba wa watoto wanne, niambiwe kaa tu ulishwe. Ndipo nikaamua kununua ndama.

Biashara ya ndama ni kukua, basi. Mwaka ule dume la mwaka mmoja na kitu ulipata kwa elfu kumi na nane hivi. Ukimlisha miezi minane, tisa, umfikishe Desemba wakati kila mtu anatafuta nyama, anaweza kuitisha thelathini na tano, hata arobaini. Toa molasi, toa dawa ya kupe na ya minyoo, toa kukodi shamba la nyasi ya nepia, bado unabaki na kitu. Lakini faida yote imesimama juu ya jambo moja: yule mnyama awe bado anakua. Ukinunua aliyemaliza kukua, unalisha shimo. Na umri wa ng'ombe hauko kwa mwili, uko mdomoni. Unamshika pua, unafungua, unaangalia meno ya mbele ya chini. Ya utotoni ni madogo, membamba. Ya ukubwani ni mapana kama koleo. Mimi niliachia shule darasa la tano na hiyo nilijua.

Nilijua na sikuangalia. Sikia kwa nini.

Shemeji alisikia kuhusu pesa ya bima, akanipigia simu. "Shemeji, usiende sokoni kulaliwa na madalali. Mimi ninao watano, safi, kama mayai. Kuja nyumbani." Nikaenda na bodaboda, mguu umenyooshwa pembeni kama mlingoti. Nilitegemea atanipeleka zizini kwake. Wapi! Ndama walikuwa wamefungwa katika boma la mama yake, mbele ya nyumba ya mama, na mama mkwe mwenyewe ameketi mlangoni anapepeta wimbi.

Sisi mkwe haangaliani na mama mkwe usoni. Hapandishi sauti mbele yake, hasogei mlango wake. Sasa nianze kufungua midomo ya ng'ombe kwenye boma lake, jino kwa jino, yeye akiona? Ni sawa na kumwambia, "Mama, umezaa mwizi." Nilisimama mbali nikatazama miili. Walikuwa wadogo, manyoya yanang'aa. Pembe zilikuwa zimekatwa na kupakwa jivu.

"Mbona umewakata pembe?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Wasiumizane kwa pikapu, shemeji. Nimekufikiria."

Nikalipa wote watano, bila hata kuomba kupunguziwa. Hiyo nayo ni heshima.

Nyumbani nilikuwa meneja wa kukaa. Mke wangu alikata nepia, alichanganya molasi na mabua, alileta maji. Kazi yangu ilikuwa kukagua. Daktari mmoja wa mifugo alikuwa ametufundisha nyuma ya kanisa namna ya kupima ng'ombe kwa kamba: unaizungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, na kamba ikirefuka, uzito umeongezeka. Kila ndama nilimpa kamba yake. Kila mwisho wa mwezi mke wangu aliinama akapima, kwa sababu mimi siinami, akafunga fundo pale ilipofika, akaniletea kwenye kiti. Mwezi wa kwanza fundo lilisogea vidole viwili. Mwezi wa pili vidole viwili na nusu. Nilikuwa nazitandika zile kamba pajani nahesabu Desemba yangu. Kaka akipita na maneno yake ya mabati, nilimwonyesha.

"Ona, mzee. Hawa ndio watakaonilisha, mimi sili kwako."

"Hizo ni kamba," akasema kaka. "Mimi naona ng'ombe wale wale."

Nilimwona ana wivu.

Ilipofika Desemba nikasikia Bumala kuna wanunuzi kutoka mbali, bei imepanda. Nikakodi pikapu. Tulifika asubuhi, nikawapanga watano wangu wameoshwa, wamenenepa tumbo, nikaegemea mkongojo. Mtu wa kwanza kusimama alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara kutoka upande wa Uganda, kofia imemfunika macho.

"Ssebo, bwana, unauza pesa ngapi?"

"Thelathini na nane. Bado ndama hawa, ukiwalisha mwaka mwingine watakuwa nyumba."

Alimshika yule mwekundu pua, akainua mdomo. Akaenda kwa wa pili. Wa tatu. Akaanza kucheka, akamwita dalali mmoja. "Njoo uone watoto wa huyu bwana."

Dalali akachungulia. "Huyu? Huyu akienda kwa chifu leo anapewa kitambulisho!"

Watu wakajaa. Mwingine akasema, "Kitambulisho gani, huyu tayari ni babu, anangoja pesa ya wazee!" Nikasogea na mkongojo wangu, nikaangalia kwa macho yangu. Meno mapana. Watatu walikuwa na sita, wawili mdomo umejaa, na ndama wa kweli hapo angekuwa na mawili tu. Walikuwa wamedumaa. Yule mzee alinieleza bila ubaya: ng'ombe akiumwa na mbung'o akiwa mchanga, akapona, mara nyingine hubaki vile vile, mwili wa mtoto, umri wa baba. Upande wao wanauzwa bei ya kutupa, na pembe hukatwa kwa sababu pembe ndizo husema miaka.

"Nani alikuuzia?"

"Ndugu ya mke wangu."

Aliacha kucheka. "Pole, ssebo. Hiyo haina dawa."

Mchinjaji wa pale alitoa elfu kumi na tano kila mmoja. Chini ya nilivyonunua, na miezi tisa ya molasi juu. Nikauza. Ningewarudisha nyumbani wakale nini?

Kesho yake nilienda Kocholia. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, mengine siwezi kuandika hapa. Shemeji aliniona nikiwa bado kwa bodaboda, na jambo la kwanza alilofanya ni kuita, "Mama! Kuja usalimie mkwe wako!" Mama mkwe akatoka na kiti, akakaa kivulini, macho chini. Maneno yote yakaniisha mdomoni. Yule mtu alinifunga na mama yake mara mbili, wakati wa kununua na wakati wa kulalamika.

"Shemeji," nikasema kama mtu anayeungama, "wale ndama walikuwa wakubwa."

"Wakubwa si ndio vizuri?" akasema kwa sauti, akacheka. Halafu akanisogelea karibu. "Shemeji, ng'ombe wa mahari ulileta wangapi? Wanne. Tulipatana wangapi? Saba. Mama hapa hajawahi kukudai. Na wewe unakuja kumhesabia meno?"

Nilimuaga mama kwa heshima. Nikapanda bodaboda.

Mke wangu nilimkuta jikoni. Hakuuliza nimetoka wapi. Hapo ndipo nilipojua ya kwamba anajua.

"Ulijua lini?"

"Wiki ya tatu. Nilifungua mdomo wa yule mwekundu kumpa dawa ya minyoo."

"Na zile kamba? Fundo lilikuwa linasogeaje kama hawakui?"

Aliendelea kukoroga mboga. "Nilikuwa nalisogeza."

"Wewe?"

"Ningekuambia, ungeenda kumpiga ndugu yangu na huo mkongojo, wakuvunje mguu wa pili. Na ulikuwa unacheka ukiziona. Tangu uumie hukuwa umecheka."

Watu nikiwasimulia husema, eh, mama watoto alikupenda. Wapendwe wao hivyo. Angeniambia wiki ya tatu, ningewauza wakati ule ule kwa hasara ndogo, ninunue wawili wa kweli sokoni kwa watu nisiowajua, ambao midomo ya ng'ombe wao ningefungua bila aibu. Shemeji aliniibia siku moja. Huyu aliniletea uongo mkononi kila mwisho wa mwezi, akasimama hapo akiniangalia nikiufurahia. Yule ni mwizi, nimemzoea. Huyu ndiye anayenivalisha kiatu, na kila asubuhi akiinama mbele yangu nafikiri ni nini kingine anachosogeza.

Pesa ya mchinjaji ililipa shamba la nepia na deni la molasi, iliyobaki ikaenda kwa karo. Ndama sikununua tena.

Jumamosi moja mwezi wa pili kaka alikuja na gunia la mahindi kwa pikipiki. Alilishusha mlangoni, kishindo hadi majirani wakageuka. Nilingoja aseme yale ya kamba. Hakusema. Alipangusa mikono akasema, "Likiisha mniambie," akaondoka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nilimwambia asante. Ilitoka vizuri tu.

Mke wangu alisaga, akapika ugali. Tulikula bila redio. Nilipomaliza aliniangalia sahani.

"Nikuongezee?"

Nikamwambia ongeza.