Mti Alioupanda Shore

Kuna watu wanaoniudhi kwa kusema kwamba ndege hufundisha subira. Majuzi nilikuwa Malindi, katika nyumba ya wageni, nimekaa dirishani naandika habari za kunguru waliokuwa wakigombea utumbo wa samaki. Mwenzangu wa chumba cha pili akachungulia daftari langu, akatabasamu. "Viumbe hawa wana mafunzo, ndugu yangu. Tazama walivyoridhika." Nilifunga daftari nikatoka nje. Ningebaki pale ningemtukana, naye hakunikosea kitu.

Tabia ya kuandika ndege niliipata shule ya sekondari. Mwalimu wetu wa sayansi, mtu wa kutoka ng'ambo, mwenye soksi za kufika magotini, alimpa kila mwanafunzi daftari nene. Ukurasa wa kushoto tuandike tulichokiona. Wa kulia tuandike kinatufundisha nini maishani. Wa kushoto niliupenda tangu siku ya kwanza. Nilikuwa naamka alfajiri nazunguka Kisauni nzima, kutoka kwetu Mishomoroni mpaka kwenye mikoko, miguu imejaa tope, natazama nani anakula nini na nani anamfukuza nani. Ule wa kulia ulinichosha. Nikiandika kwamba minana wamemaliza makuti ya mnazi wa jirani kwa kuyachana ya kujengea viota, mwalimu alitaka niandike bidii. Nikiandika kwamba yangeyange amefuatana na ng'ombe tangu asubuhi, akiokota panzi wanaoruka kwenye kwato, alitaka niandike kutosheka na kidogo. Nikiandika kunguru, hakudai funzo. Kunguru wale wenye shingo ya kijivu walikuwa wakiongezeka kila mwaka, na kila walipofika ndege wadogo walihama. Nilimwandikia hivi: "Kunguru hamfukuzi njiwa kwa sababu ana haki. Anamfukuza kwa sababu wenzake wamejaa nyuma yake." Alipiga mstari mwekundu, akaandika pembeni kwamba hilo si funzo, ni manung'uniko.

Basi na iwe manung'uniko.

Sasa nieleze habari ya shore, kwa kuwa ndiye aliyeniharibia moyo wa kusikiliza mafunzo ya watu. Shore kila mtu wa pwani anamjua hata kama hajui jina lake. Ni yule wa rangi ya udongo, kichwa cheusi, manjano chini ya mkia, mwenye kelele asubuhi kabla hujavaa. Nyumbani kwetu walikuwa wakitua kwenye kamba ya kuanika nguo. Walikwenda kula matunda ya miarobaini ya barabarani, wakishiba wanakuja kukaa kambani kwa mama, wanajisafisha midomo na kuangusha mbegu. Daftari langu linasema: "Shore wawili kambani. Mmoja ametoa mbegu pamoja na kinyesi juu ya shuka nyeupe. Mama amemlaani yeye na ukoo wake." Mwalimu aliuliza kwa wino mwekundu: "Hakuna funzo hapa?"

Chini ya kamba ile, karibu na mtungi wa maji, uliota mche wa mwarobaini. Mama hakuung'oa. Aliumwagia maji ya kuoshea vyombo, akauzungushia miiba mbuzi wasiule. Ukakua kwa haraka kama mtu anayekimbizwa. Nilipokuwa namaliza shule, mama alikuwa akikaa kivulini mwake kutwa nzima akishona makuti ya kuuza, na majirani wakija kuchuma majani ya kuchemshia wagonjwa wa homa. Hakumkataza mtu.

Ili uelewe kosa la mti ule, lazima ujue ada ya kwetu. Pwani ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja, nyumba iliyo juu yake ikawa ya mtu mwingine, na mnazi ulio mlangoni ukawa wa mtu wa tatu. Aliyepanda ndiye mwenye mti, na huwezi kumwondoa bila kumlipa mti wake. Ndiyo maana wenye mashamba waliwakataza wapangaji kupanda mti wa kudumu. Panda mihogo, panda kunde, panda mchicha. Mnazi au mwembe, usithubutu. Hata paa la mabati halikuruhusiwa. Mama alijenga kwa fito, udongo na makuti kwa sharti hilo, na alilitimiza sharti miaka yote.

Kisha maneno ya Uhuru yakaanza kuvuma, na pamoja nayo uvumi kwamba serikali mpya itawapa ardhi wanaoishi juu yake, na ushahidi wao utakuwa miti. Wenye mashamba wakaingiwa na hofu. Mwenye shamba letu alikuwa akikaa mjini kisiwani, ng'ambo ya daraja, na alikuwa na msimamizi wake, mtu mnene mwenye baiskeli. Msimamizi akaanza kupita ua kwa ua akitazama juu, kama mtu anayetafuta mvua.

Kwetu alifika na vijana wawili wenye mapanga.

"Hodi, mama."

"Karibu, bwana. Starehe."

"Sistarehe. Mti huu kaupanda nani?"

Mama hakuinua macho kwenye makuti yake. "Ndege."

"Ndege?"

"Shore."

Vijana wakaangua kicheko. Msimamizi naye akacheka mpaka akashika usukani wa baiskeli. "Wamjua kwao? Tumwite barazani tumsikize."

"Mwite," mama akasema. "Lakini akija ufumbe kinywa, na kofia usivue."

Vijana wakacheka tena, mara hii wakimcheka bosi wao, naye akakasirika. Akasema Ijumaa baada ya sala mwenye shamba atakuwepo kwenye baraza ya nyumba yake ya shambani, na mama aje ajibu.

Jirani yetu, mama mmoja wa Rabai aliyekuwa akiuza muhogo, alivuka ua jioni ile. "Dada, sikiza. Ukisema ndege, mti si wako. Sema umepanda wewe. Mimi nitashuhudia nilikuona na jembe."

"Nikisema mimi, nimevunja sharti. Watanitoa."

"Watakutoa vyovyote! Lakini kama mti ni wako, watakutoa kwa kukulipa. Na mtu wa kulipa hana haraka."

Nilimuunga mkono yule jirani kwa sauti kubwa. Nilijua sheria ile kuliko hesabu za darasani. Mti ukiwa wa mama, nyumba ina mzizi. Mti ukiwa si wake, nyumba ni fito na udongo tu, siku yoyote aambiwe abebe. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia aseme uongo mmoja, mdogo kama mbegu yenyewe.

"Niape kwa Mungu kwa ajili ya majani machungu?" akasema mama. "Wewe ndiye uliyewaona hao shore. Uliandika. Leo wataka niwafute?"

Mpaka leo nikikumbuka swali lile nashikwa na ghadhabu, si kwa mama, bali kwa mpango mzima uliomlazimu mwanamke mkweli kuchagua kati ya kiapo chake na ukuta wake.

Ijumaa tulikwenda. Mwenye shamba alikuwa mpole, na upole wake ndio uliouma zaidi. Alituagizia kahawa. Alimwita mama bi mkubwa. Alimkumbuka baba, aliyekuwa amekwisha fariki, akamwombea rehema.

"Haya, bi mkubwa. Wewe ni mtu wa dini. Niambie habari ya mti."

"Mbegu aliangusha ndege," mama akasema. "Maji nilitia mimi. Mbuzi nilifukuza mimi. Majani yanayoanguka nafagia mimi."

"Lakini hukupanda."

"Sikupanda."

Akawatazama watu waliokuwa barazani. "Kilichoota chenyewe juu ya ardhi ya mtu ni cha mwenye ardhi. Jamani, nimemwonea?"

Wote wakasema hakumwonea. Walikuwa wapangaji wenzetu, watu tuliozikana na kuozana nao, na kila mmoja alikuwa akifikiria mti wake mwenyewe. Nilisimama. Nikasema, "Bwana, mbona huyo ndege hakukuomba rukhsa wewe?"

Mama akanifinya paja kwa kucha. Mwenye shamba akacheka kwa furaha kabisa. "Kijana amesoma," akasema. "Mmwongezee kahawa."

Mti ulikatwa wiki iliyofuata. Msimamizi alisema bwana hataki kivuli kinachokusanya watu. Shore hawakukimbia. Walikaa kambani wakipiga kelele mpaka shina likaanguka, kisha wakashuka kwenye matawi yaliyolala chini, wakaendelea kula matunda yale yale. Niliandika yote hayo ukurasa wa kushoto. Shule nilikuwa nimeimaliza, hapakuwa na mwalimu wa kunisahihisha, lakini wa kulia niliujaza pia, kwa kalamu iliyotoboa karatasi: "Shore hupanda na hadai. Waliompenda kwa tabia hiyo ni wenye mashamba."

Mama hakulia. Alikwenda kwa jamaa yake Mkomani akarudi na mche wa mnazi kichwani. Akachimba shimo pembeni ya kisiki mchana kweupe, akawaita majirani wote waje watazame. Msimamizi alifika jasho likimtoka, baiskeli akaitupa chini.

"Mama! Huu nao kapanda shore?"

"Huu nimepanda mimi. Kamwambie."

Aling'oa. Mama akaufukia tena mche uleule, mizizi imechubuka. Aling'oa tena, akauvunja kwa goti lake. Halafu akasimama anahema, na kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi, akasema bwana amekwisha pata habari, ameamua mama atoke kabla bendera mpya hazijapandishwa. Nyumba ni yake, hilo hakuna anayelikana. Aibebe.

Ndivyo tulivyoibeba. Tulibomoa wenyewe, mimi na mama na yule jirani wa Rabai. Udongo tuliuacha. Fito zilikuwa zimeliwa na mchwa, hazikufaa. Kilichobaki cha maana ni mlango wa mvule na fremu yake, alioununua baba enzi za uhai wake. Tukaupakia kwenye mkokoteni, tukavuka daraja la Nyali, lile la zamani lililokuwa likielea, tukapita katikati ya mji, tukielekea Likoni kwa dada yake mama aliyekuwa na chumba kimoja cha kupanga. Mji ulikuwa umepambwa. Watu walikuwa wamepanda ngazi wakifunga vitambaa kwenye nguzo, watoto wakiimba, kila uso ukicheka. Nilisukuma mkokoteni nikiwa na hamu ya kumpiga mtu, yeyote.

Kwenye feri baharia mmoja aliuzunguka mlango, akaugonga kwa kidole kama anabisha hodi.

"Mama, mlango huu wa wapi?"

"Wa nyumbani kwangu."

"Na nyumba iko wapi?"

Mama alijivuta akakaa juu ya mlango wake, akatandaza buibui vizuri magotini. "Waulize hao wanaofunga vitambaa," akasema. "Mimi nimeambiwa kila mtu atapata."

Watu waliokuwa karibu wakacheka wakidhani ni mzaha wa sikukuu. Mama hakucheka. Feri ikang'oa nanga, nami nikasimama mbele ya mkokoteni nimeushika kwa mikono miwili, usiteremke.