Doa Jeusi kwenye Kope ya Paka

Doa lilitokea kwenye kope ya chini ya paka wetu, jeusi, dogo kama punje ya ulezi. Sikujiuliza ni nini. Nimebangua korosho tangu wazazi walipokufa nikaacha shule kulea wadogo zangu watatu. Vidole vyangu vinajua mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi ikawa nyeusi. Na nilijua nani kayapaka.

Jirani yetu, mama mtu mzima, alikuwa ameliwa vifaranga na paka yule. Alisimama uani kwetu, hapa Newala, akasema mbele ya wadogo zangu, "Mwambieni dada yenu, huyo mwizi wake nitampaka mafuta ya korosho mpaka asahau njia ya kwangu!"

Basi nikamnyima shikamoo. Kwetu hilo ni kofi. Wadogo zangu nao nikawakataza.

"Siku hizi mmekuwa mabubu?" alituuliza bombani, watu wakisikia.

"Muulize paka," nikamjibu. Nilifurahi siku nzima.

Ngozi iliyounguzwa na korosho hubambuka, ikapona. Ile haikubambuka. Ilivimba, ikatoa damu, na kila ilipokua nilisema kampaka tena. Miezi mitatu nilimvizia jirani. Mdogo wetu wa mwisho, aliyelala na paka huyo tangu mama afe, ndiye aliyeniambia, "Dada, ana uvimbe na shingoni."

Nikamtia kikapuni, nikashuka naye Masasi kwa daktari wa mifugo.

Daktari alifunua kope kwa kidole, akapapasa shingo. "Hii ni saratani, dada. Inaanzia kwenye chembe zinazoipa ngozi rangi. Imeshasambaa."

"Siyo mafuta ya korosho?"

"Hapana. Ungemleta likiwa doa tu, ningejaribu kulikata."

Akamchoma sindano ya kumpumzisha. Paka alilala mikononi mwangu, hakuamka.

Nyumbani mdogo wetu alitazama kikapu. "Ni yule mama, dada?"

Jirani alikuwa uani kwake akipepeta mahindi. Ile miezi mitatu ya kuchelewa ilikuwa kosa langu, na sikuweza kumwambia mtoto. Nikasema kwa sauti ya kumfikia, "Ndiye."

Ungo ulisimama.

Wadogo zangu hawamsalimii mpaka leo. Mimi namchukia zaidi sasa kuliko nilipoamini ni yeye.