Nguruwe Hana Shingo

Sipendi kuisimulia habari hii mbele ya watu wa Kasubi, ukweni kwangu, kwa sababu wengi wao waliiona kwa macho yao na waliobaki wamesimuliwa kwa chumvi, basi acheni niwaambie ninyi jinsi ilivyokuwa: mimi, Mkenya mwenye akili timamu na koti la kanisani, nilimkumbatia mama mkwe wangu miguu hadharani.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Uganda. Mke wangu, Robina, ni Mganda, na kwao mume wa binti na mama mkwe hawagusani kabisa. Mama akitaka kuniambia jambo alimwambia Robina, nami nimesimama palepale nasikia. Kiswahili hakukitaka nyumbani mwake (kiliingia humo na wanajeshi, nao hawakuja kusalimia), na Kiganda changu kilikuwa cha kununulia ndizi tu. Hata hivyo alikubali kutupa kipande cha ardhi nyuma ya migomba yake, tujenge na kufuga, kwa sharti moja: nilete kwanza mnyama mmoja, aone kama mikono yangu inafaa. Nikishindwa, angepanda mihogo, nasi tubaki kwenye chumba chetu cha Kamwokya.

Nikapanga mambo daftarini, kama kawaida yangu: kuku hufa kwa kideri, ng'ombe anataka majani mengi, mbuzi angekula mboga za jirani na kuniletea kesi. Nikachagua nguruwe mwenye mimba.

Muuzaji alimfunga kamba mguu wa nyuma. Mimi (nimekulia Kakamega, kati ya ng'ombe) nikaona aibu kumfikisha mnyama ukweni kwa mguu kama mfungwa, nikaihamishia kamba shingoni.

"Bwana, nguruwe hana shingo," muuzaji akasema. Nikacheka.

Tulifika Kasubi watu wakitoka kanisani. Mama alikuwa amesimama uani na beseni la maganda ya ndizi, mbali nami ilivyo desturi, tayari kumkaribisha mgeni. Nguruwe akanusa maganda, akarudi nyuma hatua moja, kitanzi kikamtoka kichwani kama kofia, kisha akachomoka mbio kuelekea kwenye beseni, nami nikaruka nimkamate mguu wa nyuma. Nilichoshika kilikuwa kimevaa ndara.

Tukaanguka wote wawili, maganda juu yetu. Watu wakapiga yowe, na mmoja akanipigia kelele, "We Mkenya, shika nguruwe, wacha mkwe!" Robina akajifunika uso. Nikajua ardhi imekwenda, nikabaki kifudifudi, nikiona haya hata kupumua.

Ndipo mkono ukaniinua kichwa, ukanipangusa damu kwenye paji la uso.

"Unaumia wapi, mwana yangu? Sema."

Kiswahili! Tena kutoka kwake.

"Siumii, mama."

"Damu iko. Kaa kwanza, wacha haraka."

Kisha akakumbuka mimi ni nani kwake, akauondoa mkono, akageuza uso. Nguruwe alikuwa anatafuna kando yetu.

Wazee wa ukoo walikuja kuutengeneza mwiko tuliouvunja kwa kugusana, na mama akarudi kusema nami kupitia kwa Robina. Jibu lake kuhusu ardhi lilikuja kwa njia hiyo hiyo, nimesimama palepale: "Mwambie mumeo nguruwe azalie hapa, na nyumba mjenge. Ila kamba nitashika mimi."

Nimeapa sitanunua tena mnyama kabla ya kuuliza anafungwa upande gani, na nikijibiwa sitacheka. Lakini paji la uso, pale alipopangusa, sikupaosha mpaka kesho yake.